Kuhesabu Gharama ya Mnara
Somo kwa watu wazima wasomao chuo wakiwa na kazi na nyumba

Yasomwe kwanza: Luka 14:25-33, Matendo 18:1-3 na 18:24-28, 1 Timotheo 5:8.



Katika sharika zetu za Karagwe na Kyerwa liko jambo ambalo babu zetu hawakulijua. Mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa miaka arobaini mwenye watoto wanne na kibanja cha migomba na kahawa, huamka saa kumi alfajiri, akawasha taa na kufungua kitabu. Muuguzi atokaye zamu ya usiku hulala saa chache, kisha huketi kuandika kazi aliyopewa na chuo. Mwinjilisti hubeba daftari la masomo pamoja na Biblia yake aendapo mtaani. Wote hawa wanaitafuta shahada ya chuo kikuu, nao hawakuacha kazi zao wala nyumba zao. Wengine wamemaliza, nasi tumeshukuru pamoja nao. Wengine wameishia njiani, nao huinamisha macho tukiwauliza habari za masomo. Tena ziko nyumba ambazo shahada imepatikana, walakini amani imepotea.

Kwa sababu hii twataka kulitazama jambo hili kwa Neno la Mungu na kwa hesabu pia. Kwa maana Bwana mwenyewe, aliponena juu ya mjenzi wa mnara, alimwagiza mtu huyo kuketi kwanza na kuhesabu.

1. Zamani masomo yalimtoa mtu nyumbani

Wazee wetu wamkumbuka Askofu Josiah Kibira, aliyezaliwa Bukoba mwaka 1925. Alikuwa mwalimu kwanza. Baadaye, akiwa mtu mzima, alikwenda kusoma theologia huko Bethel katika nchi ya Ujerumani, kisha katika Chuo Kikuu cha Boston, Marekani. Mwaka 1964 akawa Askofu wa Dayosisi ya Kaskazini Magharibi. Na wakati huo Karagwe ilikuwa sehemu ya dayosisi hiyo, kwa kuwa dayosisi yetu ilikuwa haijaanzishwa hata mwaka 1979. Mwaka 1977, mkutano ulipofanyika Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa Rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kupewa kazi hiyo. Habari zake zatufundisha ya kuwa utu uzima haumzuii mtu kujifunza. Lakini zatuonyesha pia ya kuwa siku zile aliyetaka elimu ya juu hakuwa na budi kuvuka bahari.

Baadaye mlango ulifunguliwa nchini mwetu. Mwaka 1974 Azimio la Musoma liliagiza kwamba kijana asitoke shuleni na kuingia Chuo Kikuu moja kwa moja, bali afanye kazi kwanza. Hivyo Mlimani pakaonekana watu wazima wengi, wenye wake na waume na watoto. Hata hivyo nao waliacha nyumba zao na kwenda Dar es Salaam.

Ndipo mwaka 1992 Bunge lilipotunga sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, nacho kikapokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1994. Makamu Mkuu wake wa kwanza alikuwa Profesa Geoffrey Mmari. Chuo hiki hakimwiti mwanafunzi kuja kukaa bwenini. Mwanafunzi hukaa kwake, husoma kwa vitabu na siku hizi kwa intaneti, naye huenda kwenye kituo cha mkoa kwa mashauri na mitihani. Vyuo vingine navyo vimefungua masomo ya jioni na ya mwisho wa juma.

Basi, tuangalie vema badiliko hili. Zamani masomo yalimtoa mtu nyumbani, na nyumba ilijua ya kuwa hayupo. Ilijipanga kama inavyojipanga baba asafiripo. Sasa masomo yameingia ndani ya nyumba. Baba yupo mezani, lakini moyo wake uko kitabuni. Mama yupo jikoni, lakini anafikiri mtihani wa juma lijalo. Watoto wamwona kwa macho, wala hawampati. Hapo ndipo taabu nyingi zianziapo, kwa maana nyumba haikuambiwa ya kuwa kuna safari.

2. Neno la Bwana juu ya mnara

Tusilitumie vibaya neno la Luka 14. Bwana hakuwa akifundisha habari za vyuo. Alikuwa akiwaambia makutano gharama ya kumfuata yeye. Lakini alichukua mfano ambao kila mtu mwenye akili aliujua: aanzaye kujenga bila kuhesabu huishia katika msingi, nao wapitao humcheka. Ikiwa hesabu yafaa kwa mnara wa mawe, na yafaa kwa kumfuata Kristo, yafaa pia kwa kazi ya miaka mitano au sita.

Tena twamsoma Mtume Paulo akimwonya Timotheo ya kuwa mtu asiyewatunza watu wa nyumbani mwake ameikana imani. Neno hili ni zito. Halikumpa ruhusa mtu yeyote kusema, "Nawaacha kidogo, nikimaliza masomo nitawatunza." Mtoto hawezi kuahirisha njaa yake wala ugonjwa wake.

Kwa hiyo kuna hesabu tatu ambazo mtu mzima yampasa kuzifanya kabla ya kujiandikisha: hesabu ya saa, hesabu ya fedha, na hesabu ya watu.

3. Hesabu ya saa

Juma lina saa 168, wala hakuna mtu aliyepewa zaidi. Tumtwae mwalimu kwa mfano. Kulala saa 7 kila usiku ni saa 49. Kazi ya shule pamoja na kwenda na kurudi ni saa 50. Kula, kuoga na kupumzika kidogo ni saa 3 kwa siku, yaani 21. Kibanja na kazi za nyumbani ni saa 20. Ibada ya Jumapili, jumuiya na kwaya ni saa 6. Jumla yake ni saa 146. Zimebaki 22.

Katika hizo 22, tuseme mwalimu huyu asoma saa 2 kila alfajiri, Jumatatu hata Ijumaa, na saa 4 siku ya Jumamosi. Hizo ni saa 14. Zinabaki saa 8 tu kwa watoto, kwa wagonjwa, kwa misiba na kwa mambo yasiyotazamiwa. Na sote twajua ya kuwa msiba mmoja wa jirani hula siku mbili.

Sasa tuupime mnara wenyewe. Kwa kanuni za vyuo vikuu nchini, shahada ya kwanza ya miaka mitatu ina uzito wa mikopo ya masomo 360, yaani vipimo vya kazi ya mwanafunzi, na kila kipimo kimoja ni saa 10 za kazi. Jumla ni saa 3,600. Mwalimu wetu, akisoma saa 14 kwa juma katika majuma 50 ya mwaka, atapata saa 700. Gawanya 3,600 kwa 700: ni miaka mitano na zaidi kidogo.

Ndugu wapenzi, hesabu hii yafaa kuandikwa ukutani. Wengi wamejiandikisha wakidhani watamaliza kwa miaka mitatu kama kijana asiye na kazi wala mke. Mwaka wa tatu unapofika, nao wamo nusu ya njia, hujiona wajinga, huona haya, huacha. Si wajinga. Walihesabu vibaya mwanzoni. Chuo Kikuu Huria humruhusu mwanafunzi kuzidisha miaka mitatu. Basi na aulize mpaka wa miaka aliyowekewa, apunguze mzigo wa kila mwaka, aende kwa hatua yake mwenyewe.

4. Hesabu ya fedha

Kwanza, kila mmoja na ahakikishe kwamba chuo na masomo anayoyataka yametambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Aulize kabla ya kulipa, si baada ya kulipa.

Pili, na ahesabu gharama yote, si ada peke yake. Kuna nauli ya kwenda Bukoba kwa mitihani, malazi huko, vitabu, intaneti, na kuchapa karatasi. Tuseme zote pamoja na ada ni shilingi 1,500,000 kwa mwaka. Hizo ni shilingi 125,000 kila mwezi, miezi yote kumi na miwili, kwa muda wa miaka mitano. Je, zitatoka wapi? Na jibu liandikwe katika daftari ambalo mume na mke wote wanaliona.

Tatu, tutazame mahali fedha zitokapo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, imesaidia vijana wengi. Lakini mtu mzima mwenye ajira asiitegemee kabla ya kuyasoma masharti ya mwaka huo. Tena na akumbuke ya kuwa mkopo hulipwa: tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2016, mtumishi mwenye deni hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake.

Hapa kwetu kuna mitego miwili. Mmoja ni butura, yaani kuuza kahawa ingali mtini, kwa bei ndogo, ili kupata fedha za haraka. Anayelipa ada kwa butura amekula mavuno ya watoto wake kabla hayajaiva, na mwaka ujao atarudia, kwa maana hakuna akiba. Mwingine ni mikopo ile watu waiitayo kausha damu. Jina lake latosha kutuonya. Shauri letu ni hili: ada ya mwaka huu ilipwe kwa kahawa iliyokwisha kuvunwa, wala si kwa kahawa itakayokuja. Msimu ukifunguliwa katikati ya mwaka, nayo kahawa ikiuzwa katika chama cha msingi, fedha za ada zitengwe siku ileile, kwa kuwa vyuo hufungua miezi michache baadaye. Na kama mavuno ya mwaka huo hayakutosha, ni heri kuomba chuo ruhusa ya kuahirisha mwaka mmoja kuliko kuuza kipande cha kibanja. Mwaka hurudi. Kibanja kilichouzwa hakirudi.

Nne, mtumishi wa serikali au wa Kanisa na aombe ruhusa ya mwajiri wake kwa maandishi kabla ya kuanza. Tumewaona waliosoma kwa siri, nao walipoleta cheti wakapata taabu kutambuliwa katika cheo kipya. Wala shahada si ahadi ya mshahara. Yaweza kufungua mlango. Yaweza pia kukaa miaka kadhaa kabla ya kufungua.

5. Hesabu ya watu

Hesabu hii ndiyo isahauliwayo, nayo ndiyo kubwa. Hapa hatuna budi kuungama kosa letu wenyewe.

Miaka iliyopita, katika usharika mmoja tuliotumika, tulifanya ibada ya shukrani kwa ajili ya mwalimu aliyepata shahada baada ya miaka sita. Alivaa joho, kwaya ikaimba, wazee wakatoa zawadi, nasi tukahubiri sana juu ya bidii yake. Baada ya ibada, mkewe alitujia ofisini, akasema kwa upole, "Mchungaji, mimi nimepalilia kibanja peke yangu miaka sita. Nimeuguza watoto peke yangu. Leo hamkunitaja hata mara moja." Hatukuwa na la kujibu. Maneno yake yalikuwa kweli. Tulimshukuru Mungu kwa mnara, tukamsahau aliyebeba mawe.

Tangu siku ile tumejifunza ya kuwa si mtu mmoja asomaye. Nyumba nzima ndiyo isomayo, na jina la mmoja ndilo liandikwalo katika cheti. Ikiwa ni hivyo, basi nyumba nzima iulizwe kabla ya kuanza. Mume na aketi na mke wake, au mke na mume wake, wakiwa na daftari la saa na la fedha. Waulizane: ni kazi gani ya nyumbani itakayoachwa? Nani ataifanya? Ni siku gani kitabu hakitafunguliwa kabisa, ili watoto wampate mzazi wao? Watoto wakubwa nao waambiwe. Mtoto aliyeambiwa huvumilia. Asiyeambiwa hudhani ya kuwa hapendwi.

Twanena zaidi juu ya mama asomaye. Mara nyingi baba asomapo nyumba humwacha asome. Lakini mama asomapo hutazamiwa apike, ateke maji, anyonyeshe, alime, kisha asome usiku watu walalapo. Hii si haki. Daktari Martin Luther, mwaka 1522, alipoandika juu ya ndoa, alifundisha ya kuwa baba afuaye nguo chafu za mtoto wake mchanga kwa imani, hata kama watu wanamcheka, afanya kazi impendezayo Mungu. Basi baba wa Kyerwa apikaye ndizi jioni ili mkewe amalize sura moja ya kitabu asione haya. Amepewa wito, nao wito huo ni mtakatifu.

Ni fundisho la Kanisa letu ya kuwa Mungu humwita mtu katika kazi nyingi pamoja: uzazi, ndoa, ajira, ujirani. Kusoma ni wito mwema nao. Lakini wito mmoja usiibe chakula cha mwingine.

6. Apolo na walimu wake

Liko jambo lingine limsumbualo mtu mzima, nalo ni haya ya kufundishwa. Mwalimu aliyezoea kusahihisha kazi za wengine aona uchungu karatasi yake irudipo na alama ndogo, tena imesahihishwa na kijana mwenye umri wa mdogo wake.

Na amtazame Apolo. Luka asema alikuwa mtu wa Aleksandria, msemaji hodari, aliyeyajua sana Maandiko. Naye alikuwa akifundisha tayari. Lakini palikuwa na jambo asilolijua, na Prisila na Akila walipomsikia walimchukua kwao, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Hawa walikuwa nani? Walikuwa mafundi wa kushona mahema, watu wa kazi ya mikono. Apolo hakuwauliza vyeo vyao. Alikubali kujifunza akiwa mtu mzima, akiwa kazini, tena mbele ya mume na mke. Kisha akaenda Akaya, akawafaa sana ndugu wa huko. Elimu yake haikuishia katika sifa zake, bali iliwafaa watu. Hiyo ndiyo alama ya kupimia kila shahada.

7. Njia za mkato

Uchovu huleta majaribu. Wapo wauzao kazi za chuo zilizoandikwa tayari. Wapo wauzao vyeti. Mwaka 2017 serikali ilipohakiki vyeti vya watumishi wake, watu 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Fikirini idadi ya watoto waliokuwa wakitunzwa kwa mishahara ile. Njia ya mkato haikuwaumiza wao peke yao.

Mkristo aliyeshindwa somo moja kwa haki yu heri kuliko aliyelishinda kwa uongo. Somo lililoshindwa hurudiwa.

8. Walioishia njiani

Mwisho, twataka kusema neno kwa ndugu walioacha. Labda mtoto aliugua. Labda mume alifariki. Labda fedha zilikwisha. Msijihesabu kuwa mmeshindwa mbele za Mungu. Aliyesimamisha ujenzi ili amwokoe mtoto wake hakufanya upumbavu, amehesabu vema. Nasi washarika tusiwe wale wapita njia wa Luka 14 wamchekao mjenzi.

Tena mlango haukufungwa milele. Nelson Mandela alipata shahada yake ya kwanza mwaka 1943 kwa kusoma kwa posta na Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, huku akifanya kazi katika ofisi ya mawakili Johannesburg. Mwaka uleule akaanza kusoma shahada ya sheria katika chuo kingine. Kazi, nyumba na siasa zikamlemea, akashindwa mitihani, akaondoka bila shahada. Kisha likaja gereza. Aliipata shahada ile ya sheria mwaka 1989, angali kifungoni, baada ya miaka 46, akiwa na umri wa miaka zaidi ya sabini. Basi ndugu aliyeacha miaka minne iliyopita na asiseme kwamba amechelewa.

Na usharika una wajibu. Chumba cha ofisi chenye taa chaweza kufunguliwa jioni kwa wasomao. Wasomao mtaa mmoja waweza kukutana na kusaidiana vitabu na nauli. Mwinjilisti aweza kupunguziwa zamu majuma ya mitihani. Na siku ya shukrani, tuwaite mbele wote wa nyumba ile, mume, mke na watoto, tuwaombee pamoja.

Maswali ya kuzungumza katika jumuiya

1. Andika saa zako 168 za juma. Je, zimebaki ngapi kwa kusoma, na ngapi kwa watoto?
2. Katika mtaa wetu, ni nani aliyeacha masomo, na sisi tumemsaidia au tumemcheka?
3. Prisila na Akila walimchukua Apolo kwao kwa faragha. Hilo latufundisha nini juu ya kumsahihisha mtu mzima?
4. Kabla ya kulipa ada kwa butura au kwa kuuza shamba, ni njia gani nyingine zilizopo katika jumuiya yetu?
5. Shahada ya mtu mmoja yawezaje kuufaa usharika wote?

Tuombe. Ee Bwana, uliyewapa watu akili ya kujifunza na nyumba za kutunza, uwape wasomao nguvu za mwili na unyofu wa moyo. Uwakumbuke wabebao mzigo pamoja nao bila kutajwa. Uwainue walioanguka njiani. Utufundishe kuhesabu vema, na kumaliza kwa utukufu wako. Amina.